Kula mchana kwenye mgahawa wa kawaida wa Kikorea: chagua nyumba kwanza

Swali la msomaji: "Mwezi ujao nakwenda Seoul kwa mafunzo ya wiki tatu. Mimi ni mtu wa Unguja, sili nguruwe, na mchana nimezoea chakula cha kawaida, cha mama ntilie, si cha hoteli. Rafiki yangu aliyetangulia anasema aliingia peke yake kwenye mgahawa mdogo saa sita mchana akaambiwa hakuna nafasi, na meza tupu anaziona. Siku nyingine aliomba kimchi jjigae isiyo na nguruwe, akaletewa na vipande vya nguruwe vinaelea. Nifanyeje, kuanzia mlangoni mpaka kulipa?"

Ndugu yangu, mikasa yote miwili ya rafiki yako imetoka jiko moja. Mgahawa wa mchana wa Kikorea hupika vitu vichache, huvipika asubuhi, na ikifika saa sita kazi iliyobaki ni kupakua. Mchuzi wa kimchi jjigae, yaani wa kabichi iliyochachuliwa kwa pilipili, unakuwa umeshachemka pamoja na nguruwe kwenye sufuria kubwa. Ukiagiza, wanachota kwenye chungu kidogo, wanakichemsha tena na kukuletea. Ukimwambia mpishi atoe nguruwe, atatoa vipande anavyoviona, na vingine vitamponyoka, lakini mchuzi ni ule ule. Kuhusu nafasi, meza ya watu wanne ikikaliwa na mtu mmoja katika saa ile moja ambayo wafanyakazi wa maofisi yote wametoka kula, mwenye mgahawa anapoteza sahani tatu, na vile vitoweo vidogo vya kujaza meza anavitoa karibu vile vile, awe mteja mmoja au wawili. Hakumfukuza rafiki yako kwa sura yake. Alikuwa anahesabu viti.

Kwa hiyo usiingie mahali kisha ukaomba jiko likubadilikie. Chagua nyumba ambayo jiko lake tayari linakufaa. Nimesema nyumba kwa sababu Wakorea wenyewe wanasema hivyo: neno lao *jip* maana yake nyumba, na migahawa hii huitwa kwa kile kinachopikwa ndani. *Gukbap-jip* ni nyumba ya supu na wali, *kalguksu-jip* ni ya tambi zilizokatwa kwa kisu, *baekban-jip* ni ya baekban, yaani wali mweupe na vitoweo vyake. Hii ya mwisho ndiyo iliyo karibu zaidi na mama ntilie wako. Hakuna orodha ndefu. Unakuta wali, supu na vitoweo vitano hadi kumi vya siku hiyo, na bei kwa Seoul mara nyingi ni kati ya won 8,000 na 12,000. Ipo pia *gisa sikdang*, migahawa ya madereva wa teksi. Hiyo kwa mtu aliye peke yake ni neema, kwa sababu dereva hula peke yake na upesi, na meza zake zimepangwa kwa ajili hiyo.

Saa ya kwenda ni nusu ya ushindi. Wafanyakazi wa maofisini hutoka kati ya saa tano na nusu na saa sita, na msongamano hupungua baada ya saa saba. Ukiwa peke yako, fika saa tano na robo, au saa saba na robo. Usichelewe kupita hapo, maana migahawa mingi hufunga jiko mchana kupumzika. Mlangoni utaona 15:00 – 17:00, ambayo kwetu ni saa tisa hadi saa kumi na moja, na oda ya mwisho huchukuliwa nusu saa kabla. Maeneo ya maofisi kama Gwanghwamun na Yeouido yana tatizo jingine: migahawa mingi ya huko hufungwa Jumamosi na Jumapili, ukafika ukakuta mtaa umelala. Ramani ya Google haitakusaidia sana kwa mwendo wa miguu nchini humo. Weka Naver Map au KakaoMap kwenye simu. Humo utaona saa za kazi, saa za mapumziko, na picha ya ubao wa bei ambayo wateja wameipiga, kwa hiyo unachagua chakula kabla hujavaa viatu.

Kwenye ubao huo tafuta maandishi haya: 2인 이상. Maana yake chakula hicho hutolewa kuanzia watu wawili. Hukaa pembeni ya vyakula vya chungu kikubwa cha katikati ya meza na nyama za kuchoma. Kama kila kitu kimeandikwa hivyo, nenda nyumba ya pili usibishane. Supu na wali, tambi, bibimbap (wali wa kuchanganya na mboga) na baekban kwa kawaida mtu mmoja anapewa, ingawa baekban zenye sahani nyingi sana, hasa za majimbo ya Jeolla kusini-magharibi, nazo mara nyingi hutaka wawili.

Ukiingia utaulizwa mko wangapi. Inua kidole kimoja useme *han myeong-iyo*, mtu mmoja. Wawili ni *du myeong-iyo*. Kisha ngoja uonyeshwe pa kukaa. Usijichukulie meza kubwa ya dirishani. Kama kuna kijukwaa cha kukaa chini, vua viatu kabla hujakikanyaga na uvipange kwenye rafu. Soksi iliyotoboka itaonekana na kila mtu, ndugu yangu, jiandae. Siku hizi nyumba nyingi zimeng'oa vijukwaa na kuweka viti.

Juu ya meza hutaona kijiko wala vijiti, na hapo wageni hukaa wakisubiri kuletewa. Papasa ubavuni mwa meza: kuna mtoto wa meza, ukimvuta utakuta vijiko, vijiti na tishu. La sivyo vimo ndani ya sanduku refu juu ya meza. Aliye karibu ndiye anayewagawia wenzake. Maji nayo mara nyingi ni ya kujichotea. Ukutani kuna kabati dogo lenye taa ya buluu linaloua vijidudu kwenye vikombe, na pembeni yake jokofu la chupa za maji au mashine. Yakiletwa maji ya rangi ya kahawia usishtuke, si bia. Ni chai ya shayiri iliyokaangwa, *boricha*, haina kilevi wala sukari.

Kumwita mhudumu si kwa kumkonyeza. Tazama kama mezani kuna kitufe. Ukikibonyeza, namba ya meza yako inawaka kwenye ubao. Kama hakipo, paza sauti kidogo: *yeogiyo*, "hapa!", au *jeogiyo*, "samahani!" Silabi *eo* isome kama *o* ya kinywa wazi. Kukaa kimya na kungoja macho yakutane ni adabu kwetu, lakini kule utakaa mpaka saa tisa. Utawasikia wenyeji wakimwita mama anayehudumu *imo*. Neno hilo ni dada wa mama, mama mdogo au mama mkubwa, na hutumika kama sisi tunavyomwita mama lishe "mama" bila kuwa mwanawe. Ukiongeza heshima ni *imonim*. Hata hivyo mgeni wa siku ya kwanza ashike *yeogiyo*. Wahudumu vijana hawapendi kuitwa mama wadogo, na mwenye duka akiitwa *sajangnim*, bosi, hakasiriki kamwe.

Kuagiza ni kutaja kitu kimoja tu. Hapa ndipo wageni wa kila taifa hukosea: wanaagiza wali, wanaagiza supu, wanaagiza mboga, meza inafurika. Taja kile kikuu na idadi, umalizie na *juseyo*, "nipe": *sundubu jjigae* (mchuzi wa tofu, ile jibini laini ya soya) *hana juseyo*, moja, *dul juseyo*, mbili. Wali na vitoweo vitafuata vyenyewe bila malipo ya ziada. Vitoweo hivyo huitwa *banchan*, na Kiswahili tumebahatika kuwa na neno lake hasa, kwani kitoweo ni kile cha kutowelea, hakiliwi peke yake. Kimchi ya kabichi ya Kichina karibu haikosekani, au ya figili iliyokatwa vipande kama sukari ya mchemraba. Nyingine hubadilika: soya zilizochipua zenye mafuta ya ufuta, spinachi, mayai ya kukunja, viazi vilivyokolezwa sosi ya soya, dagaa wadogo waliokaangwa wakatiwa utamu, na *gim*, mwani uliokaushwa kama karatasi na kubanikwa kwa mafuta na chumvi. Si mwani ule wa Paje unaokwenda viwandani. Huu ni wa kufungia tonge la wali.

Kikiisha kimoja, sema *banchan deo juseyo*, wataongeza bure. Kama kuna meza ya kujipakulia, inuka mwenyewe. Chota kidogo. Sheria ya usafi inakataza kumpa mteja mwingine kilichobaki, kwa hiyo unachoacha kinamwagwa, na nyumba nyingine zimebandika onyo la kutoza faini anayeacha sahani imejaa. Wali wa ziada ndio unaolipiwa, kwa miaka mingi won 1,000, na sasa mahali pengine zaidi. Kibakuli chake cha chuma cha pua chenye kifuniko kimefanana nchi nzima, na sababu ni serikali. Enzi za uhaba wa mchele, jiji la Seoul mwaka 1976 liliamuru migahawa itumie bakuli la kipenyo cha sentimita 10.5 na kimo cha sentimita 6. Amri ilipita, mazoea yakabaki. Kwa mlaji wa pilau wa Unguja kitaonekana kama cha mtoto. Agiza cha pili bila haya: *gonggibap hana deo juseyo*.

Sasa nguruwe, kwani hapo ndipo pagumu. Kwanza tenganisha mambo mawili. Kupata chakula kisicho na nguruwe kunawezekana kila siku. Kupata nyama halali kwenye mgahawa wa kawaida wa mtaani haiwezekani, maana ng'ombe na kuku wao hawakuchinjwa Kiislamu. Kwa hiyo mchana wa kawaida shika samaki, soya, mayai na mboga. Siku unayotaka nyama nenda Itaewon, mitaa inayouzunguka Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976. Shirika la Utalii la Korea pia huorodhesha migahawa kwa madaraja manne: yenye cheti cha halali, ile ambayo mwenyewe Mwislamu anajithibitishia, rafiki kwa Waislamu, na isiyo na nguruwe. Soma daraja, si neno "Waislamu" peke yake. Daraja la tatu lina baadhi ya vyakula tu vinavyokufaa na huenda pombe ikawa inauzwa, na la nne linakuhakikishia nguruwe tu, si uchinjaji.

Pili, jifunze kuitambua silabi mbili kwa macho: 돼지, *dwaeji*, nguruwe. Kisha angalia ukutani. Sheria inaitaka kila migahawa ibandike orodha ya asili ya vyakula vyake vikuu: mchele umetoka wapi, kimchi imetoka wapi, ng'ombe, nguruwe, kuku na baadhi ya samaki. Orodha hiyo iliwekwa kwa ajili ya wenyeji wanaotaka kujua kama nyama ni ya kwao au ya kuagizwa, lakini kwako ni darubini ya jikoni. Ukikuta 돼지 kwenye orodha, nguruwe wamo humo ndani, na mara nyingi imeandikwa ni kwenye chakula kipi. Isipoonekana kabisa, ni dalili njema, ingawa haigeuki kuwa cheti cha halali.

Silabi hizo mbili hazitoshi, kwani nguruwe ana majina mengi. *Jeyuk* ni nguruwe wa kukaanga kwa pilipili, na ni chakula cha mchana kipenzi cha nchi nzima. *Donkkaseu* ni kipande chake kilichopakwa chenga za mkate. Hiyo *don* ya mbele ndiye nguruwe. *Bossam*, *jokbal*, *samgyeopsal*, wote ndiye. *Sundae* ni utumbo uliojazwa damu na tambi. *Budae jjigae* imejaa soseji na hamu, yaani ile nyama ya nguruwe ya kiwandani, "ham" ya Waingereza. Mtego mbaya kuliko yote ni *gamjatang*. Programu ya kutafsiri itakuambia ni "supu ya viazi", nawe utaletewa mlima wa mifupa ya uti wa mgongo wa nguruwe na kiazi kimoja kimejificha chini. *Haejangguk* nayo ni jina la supu nyingi za asubuhi: yenye *ppyeo* ni mifupa ya nguruwe, yenye *seonji* ni damu ya ng'ombe iliyoganda, na yenye *hwangtae* ni samaki mkavu, na hiyo ndiyo yako.

Halafu wapo wanaojificha. *Mandu*, zile sambusa za kuchemsha, kwa kawaida zina nguruwe wa kusaga, hata zinapoelea kwenye supu ya ng'ombe. Gimbap (wali uliokunjwa ndani ya mwani) ya kawaida ina ukanda wa hamu. *Bindaetteok*, chapati nene za choroko za soko la Gwangjang, mara nyingi huchanganywa na nguruwe. Mchuzi mweusi wa tambi za *jjajangmyeon* vivyo hivyo. Hata *sundubu jjigae*, tofu laini inayoletwa inachemka, kwenye nyumba nyingi huanzishwa kwa kukaanga nguruwe wa kusaga hata kama juu wameweka kome na kamba. Kwa hiyo swali lisiwe "kina nyama?", maana kwa Mkorea neno *gogi* ni nyama ya kutafuna, hamu na kusaga kidogo haviingii akilini mwake, atakujibu hapana kwa nia njema kabisa. Uliza *dwaejigogi deureogayo?*, "nguruwe yumo?", kisha ongeza *haem-do?*, "na hamu?" Akisita, badilisha chakula. Kusema *ppae juseyo*, "toa", kunafaa kwa vitu vinavyowekwa juu mwishoni, kama ukanda wa hamu kwenye gimbap au nyama juu ya bibimbap. Kwa kilichochemka pamoja hakufai kitu, na rafiki yako ameshalipia somo hilo.

Kilevi nacho kina njia zake. Nyama na samaki hutolewa shombo kwa divai ya kupikia au soju, pombe kali ya Kikorea, na baadhi ya kopo za viwandani za *doenjang* na *gochujang*, yaani uji mzito wa soya uliochachuliwa na ule wa pilipili, huongezwa alkoholi kidogo ili zisiendelee kuchacha. Mgahawa hautakuwa na jibu la hilo. Uamuzi wako ufanye kabla hujasafiri.

Baada ya kuondoa hayo yote, hubaki vingi kuliko unavyodhani. *Doenjang jjigae* mara nyingi supu yake ni ya dagaa wakavu na mwani mnene, na ndani tofu na maboga machanga. Uliza tu kama wameweka nyama. *Bajirak kalguksu* ni tambi na kome. *Boribap* ni wali wa shayiri na majani, unachanganya mwenyewe. Majira ya joto kuna *kongguksu*, tambi kwenye maziwa mazito ya soya yaliyopozwa kwa barafu. Huja bila ladha, unatia chumvi mwenyewe, na watu wa Jeolla hutia sukari. *Jeonbokjuk* ni uji wa wali na konokono wa baharini. Lakini ningekushauri uanzie kwa samaki wa kuchoma, *saengseon-gui*. Seoul kuna uchochoro mzima wa nyumba hizo karibu na Dongdaemun, na moshi wake utakuelekeza kabla ya ramani. Soko la Namdaemun lina uchochoro mwingine wa *galchi jorim*, samaki mrefu wa fedha anayechemshwa na figili kwa mchuzi mwekundu. *Godeungeo* ni wa jamii ya vibua, *samchi* ni wa jamii ya nguru, kwa hiyo huendi ugenini sana. Bei huwa won 10,000 hadi 15,000.

Godeungeo huja amepasuliwa na kutiwa chumvi, ngozi imekauka. Usimgeuze geuze. Bana vijiti pamoja, ingiza ncha kando ya mfupa wa kati na usukume nyama ya juu itoke kipande kizima. Kisha inua mfupa kwa mkia, utaachia nyama ya chini. Vijiti vya Korea ni vya chuma, vyembamba na bapa, vinateleza kuliko vya mti. Kosa la wengi ni kuvishika karibu na ncha na kuvipishanisha kama mkasi. Vishike theluthi ya juu. Kile cha chini kiegemee kidole cha pete na kisisogee hata kidogo. Cha juu ndicho kinachocheza kwa kidole cha shahada na cha kati. Vikikushinda, usifadhaike: Wakorea wali na supu hula kwa kijiko, si kwa vijiti. Vijiti ni vya vitoweo. Na unayetamani kula kwa mkono, siku ya *ssam* itafika, unapewa majani ya saladi, unaweka wali na samaki na uji wa soya, unakunja na kutia kinywani mara moja. Ukimega vipande viwili kitamwagika kwenye shati.

Nyumba za samaki nyingi hukupa wali kwenye chungu cha jiwe, *dolsotbap*, na hiki nakieleza taratibu kwa sababu kina hatua na ukichelewa unaharibu. Wali huu mara nyingi huanza kupikwa unapoagiza, kwa hiyo subiri dakika 15 hadi 20, usidhani umesahauliwa. Ukifika, kuna kifuniko cha mti, bakuli tupu, mwiko mdogo na birika la maji ya moto. Shika kifuniko tu, jiwe litakuunguza. Pakua wali wote uhamie kwenye bakuli tupu, haraka, ukikwangua kando lakini ukiacha ule ulioshika chini. Usipofanya hivyo mara moja, jiwe linaendelea kupika na wali wa katikati unakauka. Sasa mimina maji ya moto mpaka yafunike kilichoshika, kiasi cha theluthi ya chungu. Rudisha kifuniko, uendelee kula. Ulichokifunika ni ukoko. Wao huuita *nurungji*, na baada ya dakika kumi umelainika na maji yamegeuka kinywaji cha harufu ya wali uliokaangwa, *sungnyung*. Unamalizia nao, kijiko cha ukoko na kipande cha kimchi. Kwetu ukoko hugombaniwa na watoto ukiwa mkavu. Jaribu wa maji kabla hujauhukumu. Wanaokosea ni wanaotia maji ya baridi ya kunywa, ukoko ukabaki mgumu na chungu kikapoa.

Ukipewa chungu cha udongo kinachotokota, elewa kwamba udongo ule unatunza moto na mchuzi utaendelea kuchemka mbele yako. Pilipili yao haiumi kama pilipili mbuzi. Kinachokuunguza ni joto, na unadhani ni ukali. Omba kisahani, *apjeopsi juseyo*, upoze humo. Usipotaka pilipili, *an maepge hae juseyo*, lakini kwenye mchuzi mwekundu ombi hilo linagonga ukuta ule ule wa sufuria ya asubuhi. Bibimbap ndiyo inayokutii, kwa kuwa gochujang huja pembeni au juu: anza na kijiko kimoja cha chai, changanya mpaka chini, onja, ongeza.

Adabu za meza si nyingi. Mkubwa aanze kwanza. Bakuli la wali hukaa mezani, haliinuliwi hadi mdomoni kama Japani. Kijiko na vijiti havishikwi pamoja mkono mmoja. Usisimamishe kijiko kwenye wali, maana ndivyo wanavyomwekea marehemu kwenye tambiko la wazee. Wali kushoto, supu kulia. Kinyume chake pia ni cha wafu. Kitu unampa mkubwa kwa mikono miwili, au kwa kulia. Kula kwa dakika ishirini na kuondoka si utovu wa adabu, na saa sita na nusu kukaa na simu baada ya kumaliza ndiko kunakoudhi.

Kulipa ni mlangoni, si mezani. Kama waliacha kikaratasi kwenye meza, beba. Bei ya ukutani ndiyo ya mwisho, kodi imo, na bakshishi haitolewi. Ukiacha noti mezani watakukimbilia barabarani kukurudishia. Kadi hupokelewa karibu kila mahali, ila mashine za kujiagizia zilizosimama mlangoni wakati mwingine hukataa kadi za nje, kwa hiyo usikose won 30,000 taslimu na umfuate mtu wa kaunta. Kwenye mashine hizo 매장 ni kula hapo hapo, 포장 ni kufungiwa. Kulipa kila mtu chake kunawezekana, lakini foleni ikiwa nyuma yenu, mmoja alipe yote, mwenzake akanunue kahawa.

Ukitoka sema *jal meogeosseumnida*, nimekula vizuri. Na kama kando ya mlango kuna mashine ndogo yenye vikombe vya karatasi, ni kahawa ya maziwa na sukari, bure. Bonyeza mara moja tu, ungoje mpaka iache kutiririka ndipo uchukue kikombe, kisha kainywee nje.